Mwenzetu Akitukosea: Mwongozo wa Kuwajibishana na Kusameheana Ndani ya Kikundi cha Harakati

Jumapili moja jioni, katika darasa la chekechea tulilokuwa tukiazimwa kwa mikutano, wanakikundi wapatao thelathini tulikaa kwenye viti vya watoto, magoti yakikaribia videvu, kujadili shilingi 84,000. Zilikuwa pesa za dhamana. Vijana wanne walikamatwa kwenye maandamano ya maji mtaani kwetu hapa Mombasa, watu wakachanga kwa simu usiku kucha, na mweka hazina wetu akazitia kwenye shida zake. Vijana watatu walitolewa na jamaa zao. Wa nne, ambaye mamake anauza mahamri, alikaa rumande siku kumi na moja zaidi.

Mzee mmoja akasimama, akasema yaliyopita si ndwele. Tukapiga makofi. Mweka hazina akalia, akakumbatiwa, ikasomwa dua. Mimi ndiye niliyekuwa katibu, na niliandika kwenye kumbukumbu: "Suala limefungwa." Yule mama alikuwa ameketi karibu na mlango, mkoba mapajani, na hatukumuuliza kitu. Kikao kilichofuata hakuja, wala kile cha baada yake. Kufikia mwisho wa mwaka tulikuwa tumebaki tisa.

Haya ninayoandika ni yale tuliyopaswa kuyafanya jioni ile. Mengi nimeyajua kwa kuyakosea kwanza.

Mambo matatu, wenyewe watatu

Watu wakisema "tumsamehe", mara nyingi wanakoroga mambo matatu katika sufuria moja. Kusamehe ni haki ya aliyekosewa. Kuwajibika ni deni la aliyekosa. Kumrudishia mtu nafasi, yaani ufunguo wa ofisi, laini ya pesa, kipaza sauti siku ya maandamano, huo ni uamuzi wa kikundi. Mama wa mahamri anaweza kumsamehe mweka hazina na bado kikundi kikakataa kumpa pesa ashike. Anaweza pia asimsamehe maisha, na yule bwana akawa amelipa kila senti. Sisi jioni ile tulisamehe deni ambalo halikuwa letu.

Wala hili si jambo la kufundishwa na wageni. Aliyepita madrasa anayajua masharti ya toba: kuliacha kosa, kulijutia, kuazimia kutolirudia, na likiwa linagusa haki ya mja, kumrudishia mwenyewe haki yake. Hata hivyo kila Ramadhani ikikaribia simu hujaa ule ujumbe wa kusambaza, "kama nimekukosea kwa kujua au kutojua, nisamehe". Sina ugomvi na desturi hiyo, nami huutuma. Ila kosa lenye tarehe na kiasi halimalizwi na ujumbe uliotumwa kwa watu mia mbili kwa mpigo. Na kwa waliolelewa kanisani yupo Zakayo. Mwaka 2024 vijana walipojaza barabara kuupinga Mswada wa Fedha, nchi nzima ilimwambia Zakayo ashuke, ikimaanisha Rais William Ruto, aliyebandikwa jina la yule mtoza ushuru aliyepanda mti. Wachache walikumbuka alichosema Zakayo wa Injili alipokwisha kushuka: aliyemnyang'anya kwa hila atamrudishia mara nne.

Hatua ya 1: Andikeni kabla kosa halijatokea

Katiba za vikundi vingi zimenakiliwa kutoka kikundi kingine ili kupata cheti cha usajili. Zina kurasa mbili za uchaguzi na mstari mmoja wa nidhamu. Ongezeni ukurasa.

Uwataje wapokezi wawili wa malalamiko, wasiokuwa viongozi wala jamaa, na angalau mmoja awe mwanamke. Uoneshe njia ya tatu, nje ya kikundi, kwa siku ambayo anayelalamikiwa ni mwenyekiti na wapokezi wote wanamwogopa. Kikundi ndugu cha mtaa wa pili kinatosha, mradi mmeafikiana nacho mapema. Kuhusu pesa, asiwepo mtu mmoja anayekaa na laini na nambari ya siri pamoja, na taarifa ya miamala isomwe kila mwezi mbele ya wanachama, hata mwezi ambao haikuingia hata shilingi.

Kisha iwepo sentensi hii, isomwe kwa sauti: "Mwanachama akituhumiwa kwa kosa la pesa, la kumpiga mtu au la kijinsia, atakaa kando siku hiyo hiyo mpaka uchunguzi uishe, hata akiwa mwanzilishi." Maneno matatu ya mwisho ndiyo yatakayozua mabishano. Bishaneni sasa, wakati hakuna jina mezani.

Hatua ya 2: Kulipokea lalamiko

Anayekuja kulalamika huwa ameshalala macho siku kadhaa. Mara nyingi hasemi moja kwa moja. Ataanza na habari za watoto, ataulizia mkutano ujao, halafu akishika kitasa cha mlango kwenda zake ndipo anasema, "Kuna kitu nilitaka kukuambia, lakini basi." Usimwache aende na hiyo "lakini basi".

Mwambie: "Dada, nimekusikia. Sitamwambia mtu bila wewe kujua. Nataka kuyaandika kama unavyoyasema, kisha nikusomee uone kama ndivyo." Andika maneno yake, si tafsiri yako. Akisema "alinishika", usiandike "alimsumbua". Muulize maswali mawili tu kuhusu mbele: anataka nini kifanyike, na anaogopa nini kikifanyika. Jibu la pili ndilo litakalokuongoza, kwa sababu hapo ndipo utakapojua kwamba mtuhumiwa ndiye mwenye nyumba anayompangisha, au kwamba mumewe hajui.

Usimwambie: "Unajua huyo ametutoa mbali." Usimuulize alivaa nini, alikuwa huko saa ngapi, mbona hakusema mapema. Na usimuahidi matokeo. Muahidi tarehe: "Ijumaa jioni nitakupigia kukueleza tulipofika." Ijumaa ikifika na huna jipya, piga vilevile.

Jambo hili lisiingie kwenye kundi la WhatsApp. Likishaingia, kufikia asubuhi lina matoleo manne na picha za skrini ziko Dubai kwa shemeji zenu.

Hatua ya 3: Yasiyokuwa yenu, yatoeni

Kuna makosa ambayo kikundi hakina mamlaka ya kuyaamua: ubakaji, kosa lolote dhidi ya mtoto, kumjeruhi mtu. Wazee hawamalizi haya kwa mbuzi, wala kamati haiyamalizi kwa barua ya onyo. Katiba ya Kenya, ibara ya 159, inahimiza njia za jadi za kusuluhisha migogoro. Lakini chini ya kifungu cha 40 cha Sheria ya Makosa ya Kijinsia ya 2006 kusitisha uchunguzi au kesi si uamuzi wa polisi, seuze wa familia mbili zilizokaa barazani.

Aliyebakwa aende hospitali kwanza. Dawa za kuzuia maambukizi ya virusi vya Ukimwi zinataka kuanzwa ndani ya saa 72, na mapema zaidi ni bora. Asioge kabla ya kupimwa akiweza. Nguo zake zitiwe kwenye mfuko wa karatasi, si nailoni, maana nailoni hutunza unyevu na ushahidi huharibika. Kenya kuna simu ya bure 1195 kwa dhuluma za kijinsia, na 116 kwa watoto. Hiyo ya 116 inafanya kazi Tanzania pia, ambako fomu ya polisi ni PF3 na pa kuuliza ni Dawati la Jinsia na Watoto.

Ugumu wa hatua hii tunaujua sote ila hatuusemi. Mwanaharakati humwambiaje mwenzake aende kituo kile kile ambacho juzi kilimpiga virungu? Sina jibu safi. Tulichofanya sisi ni kutomwacha mtu aende peke yake: anakwenda na mwanamke mmoja anayemwamini na wakili au mtu wa shirika la haki za binadamu, akiwa na karatasi za hospitali mkononi. Akiamua kutokwenda, naye ni mtu mzima, uamuzi huo uheshimiwe na asinyimwe msaada mwingine. Kwa mtoto hakuna hiari hiyo. Lazima iripotiwe.

Hatua ya 4: Kukaa kando

Kukaa kando si hukumu, na hilo lisemwe waziwazi siku ya kwanza. Lakini kukaa kando kuwe kwa kweli. Wengine "hujiuzulu" huku laini ya kikundi imo mfukoni na wao bado ndio wasimamizi wa kundi la WhatsApp. Kusanyeni ufunguo, laini, kitabu cha risiti, nywila za kurasa za mitandao, muhuri. Andikeni kilichopokewa, mtie saini wote wawili.

Kenya tulishaona gharama ya kuchelewesha hatua hii. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano, iliyoundwa baada ya ghasia za 2007 na 2008, ilipewa mwenyekiti Bethuel Kiplagat, aliyekuwa ofisa mkubwa katika serikali ya Moi. Wapo waliomhusisha na mambo ambayo tume yenyewe ilitakiwa kuyachunguza, yakiwemo mauaji ya Wagalla, Wajir, ya Februari 1984. Alikana. Huenda alikuwa na haki ya kukana. Si hoja hapa. Hoja ni kwamba alikaa kitini huku mabishano yakiitafuna tume, akakaa kando mwishoni mwa 2010, akarudi 2012, na muda ambao ungetumika kuwasikiliza waathiriwa ukaishia kwenye kesi ya kiti.

Hatua ya 5: Kuutafuta ukweli

Chagueni watu watatu, wapeni wiki tatu, na waandikieni swali moja. "Pesa za dhamana za tarehe fulani zilikwenda wapi?" linajibika. "Mwenendo wa mweka hazina" halijibiki. Hilo ni shimo.

Kwa kosa la pesa kazi ni ya macho na subira. Sisi, tulipolifungua upya suala letu, tulitandaza taarifa ya miamala ya M-Pesa mezani pamoja na daftari la michango, rula na kalamu nyekundu. Mmoja anasoma mstari, wa pili anatia alama daftarini, wa tatu hasemi kitu, anatazama tu. Saa mbili zikapita. Zile 84,000 hazikutoka kwa mkupuo. Zilitoka mara tisa, na ya kwanza ilikuwa 2,000, saa nne usiku, siku ile ile ya michango. Nilipoiona ile 2,000 nilimwelewa zaidi na nikakasirika zaidi. Mtu anayeanza na 2,000 ameshajiambia kwamba kesho atazirudisha.

Mtuhumiwa asikilizwe, tena apewe tuhuma kwa maandishi siku kadhaa kabla. Aruhusiwe kuja na mtu. Msimkalishe uso kwa uso na aliyekosewa kama hataki. Maswali yanaweza kupelekwa na kurudishwa.

Mtasikia hoja mbili za kuuzima uchunguzi. Ya kwanza: "Mkiyafichua haya, adui atayatumia." Chama cha ANC cha Afrika Kusini kilikuwa na kila sababu ya kujificha nyuma ya maneno hayo. Katika kambi zake za uhamishoni Angola, ile ya Quatro ikiwa maarufu zaidi kwa ubaya, wapiganaji wake wenyewe waliteswa. Mwaka 1984 kiliunda tume ya ndani, na ripoti ikakaa kabatini miaka mingi. Mwaka 1992 ikaja tume ya Skweyiya, 1993 ya Motsuenyane, hiyo ikisikiliza ushahidi hadharani, tena wakati mazungumzo ya kuumaliza ubaguzi wa rangi bado yanaendelea. Uongozi ulikubali kubeba lawama kama chama. Lakini haukuwaadhibu waliotajwa, ukasema itafutwe tume ya ukweli ya pande zote. Nchi ikapata tume hiyo, na waliofungwa Quatro wakaendelea kuuliza: nani hasa?

Hoja ya pili: "Aliyelalamika ametumwa." Mawakala wapo kweli kwenye harakati, tusijidanganye. Ila neno "kibaraka" limevunja vikundi vingi kuliko vibaraka wenyewe. Anayelitamka alete ushahidi kwa wapokezi wale wale, kwa utaratibu ule ule, na lisiwe sababu ya kutoisoma taarifa ya miamala.

Hatua ya 6: Kuomba radhi kwa Kiswahili chenye mtendaji

Hapa lugha yetu ina mlango wa nyuma. Sikiliza mweka hazina wetu alivyosema jioni ya kwanza: "Pesa zilitumika. Mambo yaliharibika. Imetokea." Zilitumika, yaliharibika, imetokea: vitenzi vitatu, na hayumo mtu hata mmoja. Ile -ik- katikati ya kitenzi ni fundi wa kuficha mikono. Glasi ilivunjika, ahadi haikutimizika, pesa zilitumika.

Desemba 1997, mbele ya Tume ya Ukweli na Maridhiano ya Afrika Kusini, mwenyekiti wake Askofu Desmond Tutu alimsihi Winnie Madikizela-Mandela, mwanaharakati aliyekuwa mke wa Nelson Mandela, ambaye Tutu alimpenda na kumheshimu, aombe radhi kwa yaliyofanywa na vijana wa klabu yake ya mpira, yakiwemo mauaji ya mtoto Stompie Seipei. Alichokubali kusema ni kwamba mambo yalikwenda kombo vibaya sana. Mambo ndiyo yaliyokwenda.

Kwa hiyo msaidieni aliyekosa kuandika kabla ya kusema. Mpeni kalamu na sharti hili moja: kila sentensi ianze na "mimi" au kitenzi chenye "ni-" au "si-". "Nilichukua shilingi 84,000 zilizochangwa kwa ajili ya dhamana. Nilizichukua mara tisa. Sikupokea uliponipigia Jumanne kwa sababu nilijua unachotaka. Nilisababisha mwanao akae ndani siku kumi na moja zaidi." Pasiwe na "kama kuna niliyemkosea". Pasiwe na "lakini". Sababu zake, mke mgonjwa au karo, zinaweza kusikilizwa siku nyingine, akiulizwa.

Machozi yakija, yaje. Ila mwenyekiti wa kikao asiyageuze kuwa mwisho wa kikao.

Hatua ya 7: Kulipa

Mbele ya tume hiyo ya Afrika Kusini watu 7,112 waliomba msamaha wa kisheria na 849 tu ndio waliopewa, wengi walikataliwa. Sharti kubwa lilikuwa kusema ukweli wote, na kujuta hakukuwa sharti. Waliopata walitoka huru papo hapo. Waathiriwa walingoja hadi 2003, wakapewa randi 30,000 kila mmoja, mara moja basi. Mpangilio huo, mkosaji mbele na aliyekosewa nyuma, ndio msiouiga. Hapa kwetu Machi 2015 Rais Uhuru Kenyatta aliomba radhi bungeni kwa niaba ya dola, akatangaza mfuko wa shilingi bilioni 10 wa haki na maridhiano. Radhi ilisikika siku ile ile. Mfuko, waathiriwa waliungojea miaka na miaka.

Deni la kikundi liandikwe kwa kiasi anachoweza mtu. Elfu themanini na nne, mtu wa mjengo hana kwa mara moja. Kwa 7,000 kila mwezi, ni miezi kumi na miwili. Pesa ziende moja kwa moja kwa waliostahili, zisipitie kwa mwenyekiti. Akikosa mwezi mmoja aseme kabla ya tarehe. Akikosa miwili kimya, kikundi kijulishwe. Madhara yasiyo ya pesa nayo yana malipo yake. Aliyemchafulia mtu jina alisafishe pale pale alipolichafulia, mbele ya watu wale wale.

Hatua ya 8: Msamaha mwacheni nao mwenyewe

Msimuulize "umemsamehe?" mbele ya watu. Hilo si swali, ni mtego, hasa kwa mwanamke, ambaye akichelewa kujibu ataambiwa "wewe ni mama". Msiwashikanishe mikono kwa ajili ya picha. Shehe au mchungaji akaribishwe, lakini baada ya mpango wa malipo kutiwa saini. Dua ikitangulia hesabu, anayedai ndiye atakayeonekana mkorofi.

Akikataa kusamehe, hamna tatizo la kutatua. Mnachopaswa kuhakikisha ni kwamba anaweza kuja mkutanoni bila kukaa kiti cha pili na aliyemkosea.

Hatua ya 9: Kurudi

Arudi kwa vipande. Kwanza kama mwanachama wa kawaida, anabeba viti, anachora mabango. Baada ya miezi sita wale watatu wakutane naye, waangalie kama mpango unafuatwa. Aliyeiba anaweza kuwa msemaji hodari siku moja. Pesa asishike tena. Aliyemdhulumu mtu kijinsia asipewe kazi ya vijana, hata miaka kumi ikipita, hata akiwa ameongoka. Wapo watakaoona huo ni ukatili. Mimi naona ni rehema kwa pande zote mbili.

Wanachama wapewe taarifa fupi: kosa gani, limethibitishwa au la, nini kinafanyika, mpaka lini. Jina la aliyelalamika lisitajwe bila idhini yake. Mfadhili, kama mnaye, asikie kutoka kwenu kabla hajasikia kwa jirani. Na kama tuhuma haikuthibitishwa, tangazeni hivyo kwa sauti ile ile mliyomwekea kando, mrudishieni ufunguo mbele ya watu.

Sisi tulilifungua upya suala letu baada ya karibu miaka miwili. Nilikwenda mwenyewe kwa mama wa mahamri alfajiri, akiwa anakanda unga, nikamwambia niliandika "limefungwa" na sikuwa na haki. Hakunijibu. Alinipa stuli nikae. Wiki tatu baadaye mweka hazina aliketi mbele yake akasoma karatasi yake, sauti ikimkatika, na alipofika pale pa Jumanne mama akamkatiza: "Ulikuwa umeiona simu yangu?" Akasema, "Niliiona, mama. Niliitazama ikilia mpaka ikakatika."

Vijana wale watatu walisema fungu lao lote apewe mama. Kila tarehe 5 mweka hazina humtumia 7,000, na kila mara mama hujibu kwa neno moja: "Imefika." Mwezi jana ilikuwa ya kumi na moja.